Kushughulikia Bidhaa Zinazorudishwa: Mwongozo kwa Muuzaji wa Nguo na Viatu Mtandaoni

Katika maduka mengi ya nguo, kuanzia Kariakoo hadi mitaa ya miji midogo, kuna kibandiko ukutani kinachosema kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Dukani maneno hayo yana mantiki kiasi, kwa sababu mnunuzi ameishika nguo, ameipima mwilini mbele ya kioo, amevaa kiatu na kutembea nacho hatua chache kabla ya kutoa fedha. Mtandaoni hajafanya hata kimoja kati ya hayo. Amelipa kwa kuamini picha, maelezo na neno la muuzaji, na nafasi yake ya kwanza ya kukagua alichonunua huja baada ya fedha kumtoka. Muuzaji anayelihamishia tangazo hilo kwenye ukurasa wake wa Instagram anamtaka mteja abebe hatari yote peke yake, na wateja wengi, hasa wa mikoani, hulijibu takwa hilo kwa kuacha kununua.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya muuzaji mdogo wa Tanzania anayeuza nguo na viatu kupitia Instagram na WhatsApp, anayelipwa kwa simu, na anayetuma mizigo kwa bodaboda ndani ya jiji na kwa basi au boti nje ya jiji. Muuzaji huyu hana soko kubwa la mtandaoni linalopokea malalamiko kwa niaba yake. Jumia, iliyokuwa na utaratibu wake wa kupokea bidhaa zilizorudishwa, ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019, na sehemu kubwa ya biashara ya aina hii inafanyika moja kwa moja kati ya muuzaji na mnunuzi. Utaratibu wa urejeshaji lazima autunge yeye mwenyewe.

Jambo moja linaongoza hatua zote zinazofuata: kila bidhaa inayorudi ina chanzo chake, na chanzo hicho ndicho kinachopaswa kuamua nani atalipa nauli, mteja atapata nini, na bidhaa itakwenda wapi. Muuzaji asiyetafuta chanzo huishia kubishana na kila mteja upya, na mara nyingi aliyepiga kelele zaidi ndiye anayepata haki.

Hatua ya kwanza: fahamu sheria inakudai nini

Huhitaji kuwa mwanasheria, lakini huwezi kuandika masharti yako bila kujua mipaka yake. Sheria ya mauziano ya bidhaa ya Tanzania, kama ile ya Kenya, ilitokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na misingi yake mikuu bado ni ileile. Bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo inapaswa kuwa na ubora unaofaa kuuzwa. Na mnunuzi ambaye hakuikagua bidhaa kabla hahesabiwi kuwa ameikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua. Msingi huu wa mwisho unamgusa muuzaji wa mtandaoni kuliko mtu mwingine yeyote: mteja kusaini kwa bodaboda au kuchukua mzigo kwenye ofisi ya basi si ushahidi kwamba ameridhika na kilichomo ndani.

Pamoja na hiyo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mwenendo wa kupotosha watumiaji, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina masharti yanayomlinda mnunuzi wa mtandaoni. Kwa msomaji aliyeko Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, taarifa anazohitaji ili anufaike nazo, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro.

Kinachotakiwa kueleweka ni tofauti kati ya kasoro na kubadili nia. Kasoro ni deni lako, upende usipende, na hakuna sharti lako linaloweza kukuondolea. Mteja aliyebadili nia tu, kwa kawaida, ni suala la makubaliano yenu. Hali hubadilika ukiuza Ulaya: katika Umoja wa Ulaya, mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 za kujitoa katika ununuzi bila kutoa sababu yoyote, na kanuni hiyo imetumika tangu Juni 2014. Anayewauzia kitenge wateja walioko Ujerumani au Ubelgiji anapaswa kuijua, na ajue pia kwamba nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mteja mwenyewe haimo katika haki hiyo.

Hatua ya pili: andika masharti kabla ya kuuza, na uyaweke yanapoonekana

Masharti yanayotolewa baada ya mteja kulalamika hayana heshima, hata yakiwa ya haki. Yaandike kwa maneno mepesi, yasizidi nusu ukurasa, kisha uyaweke sehemu tatu: kwenye machapisho yaliyobandikwa juu ya ukurasa wako, kwenye ujumbe unaompa mteja namba ya malipo, na kwenye karatasi ndogo inayowekwa ndani ya kifurushi. Sehemu ya pili ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu mteja anayelipa baada ya kusoma masharti ameyakubali, na mazungumzo ya WhatsApp yanabaki kuwa kumbukumbu yenu nyote wawili.

Mfano wa masharti yanayotosha kwa kuanzia ni huu:

"Ndugu mteja, tafadhali kagua bidhaa mara unapoipokea. Ikiwa ina kasoro, au si ile uliyoagiza, tujulishe ndani ya saa 48 kwa kutuma picha. Tutalipa nauli ya kuirudisha na utachagua kubadilishiwa au kurudishiwa fedha zote. Ikiwa saizi haikufai, tutakubadilishia mara moja endapo bidhaa haijavaliwa, haijafuliwa na lebo yake haijakatwa. Nauli ya kwenda na kurudi italipwa na mteja. Ukibadili nia, utapewa bidhaa nyingine ya thamani hiyohiyo kwa utaratibu huohuo. Nguo za ndani, hereni na nguo zilizoshonwa kwa vipimo vyako hazirudishwi isipokuwa zikiwa na kasoro. Kasoro isiyoonekana mwanzoni, kama soli kubanduka au mshono kufumuka, ripoti ndani ya siku 14. Fedha hurudishwa ndani ya siku mbili za kazi baada ya mzigo kutufikia na kukaguliwa."

Muda wa saa 48 ni wa kusaidia pande zote mbili kumaliza jambo mapema wakati kumbukumbu bado zipo, lakini usiugeuze kuwa mtego. Mteja wa Kigoma aliyechukua mzigo wake ofisi ya basi ikiwa imechelewa kufunguliwa, akalalamika siku ya tatu kwa picha ya gauni lenye tundu, bado anastahili haki yake. Nguo za ndani na hereni zinaachwa nje ya utaratibu kwa sababu za usafi, na wateja hulielewa jambo hilo kirahisi likisemwa kabla ya malipo.

Hatua ya tatu: zuia urejeshaji ndani ya tangazo lenyewe

Hatua hii nitakaa nayo kwa muda, kwa sababu shilingi inayotumika hapa inaokoa nyingi huko mbele. Katika nguo na viatu, malalamiko yanayojirudia ni mawili: "hainitoshi" na "si kama nilivyoiona kwenye picha". Yote mawili yanatengenezwa siku ya kuandika tangazo.

Tuanze na saizi. Herufi zilizo kwenye lebo hazina maana moja duniani. Saizi 10 ya Uingereza kwa nguo za wanawake inakaribiana na 38 ya Ulaya na 6 ya Marekani, na nguo nyingi zinazotoka China huandikwa L ilhali zinamtosha mtu wa M. Kwa hiyo usiuze kwa herufi. Uza kwa sentimita. Tandaza nguo juu ya meza, pima kutoka kwapa hadi kwapa kisha zidisha mara mbili upate mzunguko wa kifua, fanya hivyohivyo kiunoni na kwenye nyonga, halafu pima urefu kutoka begani hadi pindo. Andika namba hizo nne kwenye kila tangazo, na useme kama kitambaa kinavutika au hakivutiki. Kitenge na pamba ngumu havivutiki, hivyo gauni la kitenge linahitaji kuzidi kifua cha mvaaji kwa sentimita nne hadi sita ili aweze kuinua mikono bila kuchana mshono. Jezi na vitambaa vyenye spandeksi husamehe zaidi. Mteja akiuliza kama nguo itamtosha, usimjibu "itakutosha dada". Mwombe apime nguo yake mwenyewe anayoipenda, ambayo inamkaa vizuri, kwa namna ileile uliyopima wewe, kisha mlinganishe namba. Njia hii inamwondolea aibu ya kutaja vipimo vya mwili wake, na ni sahihi kuliko kupima mwili kwa utepe uliolegea.

Kwa viatu, namba za Ulaya zimejengwa juu ya kipimo cha theluthi mbili za sentimita, maana yake ni kwamba tofauti kati ya namba 40 na 41 haifiki milimita saba. Kosa dogo la kukadiria linatosha kurudisha kiatu. Mwelekeze mteja asimame juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, aweke alama kwenye ncha ya kidole kilicho kirefu zaidi, kisha apime kwa rula. Afanye hivyo jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo baada ya kutwa nzima, na apime miguu yote miwili, kwani kwa watu wengi haifanani. Mguu wa sentimita 25 kwa kawaida huingia kwenye namba 40. Hata hivyo kiatu chenye ncha nyembamba kitambana mwenye mguu mpana hata kama urefu ni sahihi, na hilo liseme mapema bila kusubiri kuulizwa.

Malalamiko ya pili yanahusu picha. Taa ya manjano ya sebuleni huigeuza rangi nyeupe kuwa ya maziwa, na kijani kilichokolea huonekana cheusi. Piga picha karibu na dirisha wakati wa asubuhi, bila kichujio chochote cha simu, na uandike rangi kwa maneno: damu ya mzee, bluu ya bahari, kahawia, maziwa. Onyesha mgongo wa nguo, zipu, bitana na mshono wa ndani, kwa sababu sehemu hizo ndizo zinazomshtua mteja anapofungua kifurushi. Picha za kiwandani zenye wanamitindo wa kigeni ni chanzo kikubwa cha ugomvi, maana mzigo unaofika mara nyingi una kitambaa chepesi zaidi na mkato tofauti. Kumbuka kwamba picha uliyoweka ndiyo maelezo ya bidhaa. Ikitofautiana na kilichofika, mteja ana haki ya kukirudisha, na kusema kwamba picha ilikuwa ya mfano tu hakukuokoi.

Hatua ya nne: funga mzigo kwa namna itakayokusaidia ukirudi

Kabla ya kufunga, kagua na upige picha au video fupi ya bidhaa pamoja na karatasi yenye namba ya oda. Weka lebo ya karatasi mahali panapoonekana nguo ikivaliwa, kama shingoni kwa mbele au kwenye mkono, ili mtu asiweze kwenda nayo kwenye sendofu bila kuikata. Kwa viatu, weka alama ndogo ya wino mahali unapopajua wewe, kwa mfano chini ya gozi la ndani, kwa sababu hutokea kiatu kipya kikaondoka na kiatu kikuukuu cha aina hiyohiyo kikarudi ndani ya boksi lilelile.

Tumia mfuko unaoweza kufungwa tena. Mteja anayelazimika kuchana mfuko wote kwa kisu atarudisha nguo ndani ya mfuko wa sokoni, na itakufikia imekunjamana na imeshika vumbi la safari.

Hatua ya tano: ombi likiingia, tafuta chanzo kabla ya kutoa jibu

Jibu ndani ya saa chache, hata kama jibu lenyewe ni kwamba umepokea taarifa na unaishughulikia. Mteja aliyelipa kisha akakutana na ukimya huanza kuamini kwamba ametapeliwa, na hapo ndipo anapokwenda kuandika kwenye kurasa za watu. Anza kwa pole, kisha omba mambo manne: namba ya oda, picha ya bidhaa nzima, picha ya karibu ya sehemu yenye tatizo, na maelezo ya lini aliipokea. Kwa mfano: "Pole sana dada, na samahani kwa usumbufu. Naomba unitumie picha ya gauni lote na nyingine ya hapo kwenye zipu, ili nijue tunalimalizaje leo." Usiulize kama ana uhakika, wala usimwambie kwamba wateja wengine hawakulalamika.

Kwa taarifa hizo utaweza kuweka ombi katika mojawapo ya mafungu yafuatayo. La kwanza ni kosa lako: umetuma rangi nyingine, saizi nyingine, au bidhaa yenye kasoro. Hapa unalipa kila kitu, nauli ya kurudi na ya kutuma tena, na uchaguzi kati ya kubadilishiwa na kurudishiwa fedha ni wa mteja. La pili ni uharibifu wa njiani, kama boksi lililolowa au kisigino kilichovunjika. Kwa mteja hilo nalo ni kosa lako, kwa sababu wewe ndiye uliyemchagua msafirishaji. Mlipe yeye kwanza, kisha wewe ndiye udai kwa msafirishaji ukitumia risiti ya mzigo. La tatu ni saizi isiyokaa licha ya vipimo kuandikwa sahihi, ambapo nauli ni ya mteja. La nne ni kubadili nia.

Lipo na fungu la tano ambalo wauzaji hulisahau: mzigo uliorudi bila kupokelewa kabisa. Mteja aliagiza kwa mpango wa kulipa akipokea, bodaboda akafika, simu haipokelewi. Mzigo huu nao ni urejeshaji, na nauli yake umeshailipa mara mbili. Dawa yake ni kupokea nauli kabla ya mzigo kutoka, hata kama bei ya bidhaa italipwa mlangoni. Mteja wa kweli hukubali bila shida, kwa kuwa anajua bodaboda hafanyi safari bure.

Kabla ya kuamua bidhaa irudi, piga hesabu. Tuchukulie gauni ulilolinunua kwa shilingi 30,000 na kuliuza kwa 45,000, na nauli ya kifurushi hadi Mwanza ni 6,000. Faida yako kabla ya gharama ndogondogo ni 15,000. Ukiwa umetuma saizi isiyo sahihi, nauli ya kulirudisha na ya kutuma jingine ni 12,000, na inakubakia 3,000. Ikiwa tatizo ni pindo refu au kiuno kilicholegea kidogo, kuna njia nafuu kwa wote: mtumie mteja shilingi 5,000 ampe fundi cherehani wa mtaani kwake alirekebishe. Mteja anapata gauni linalomkaa siku hiyohiyo badala ya kusubiri basi mbili, nawe unabaki na sehemu kubwa ya faida. Mkubaliane kwa maandishi kwamba nguo ikishaguswa na fundi haiwezi kurudi. Usilazimishe njia hii. Mpe iwe chaguo, kwa sababu mwenye haki ya kurudishiwa fedha hawezi kulazimishwa kupokea fundi.

Hatua ya sita: panga safari ya kurudi

Ndani ya Dar es Salaam, njia bora ni ile inayofanya mzigo usirudi kama malalamiko. Mteja asiye na uhakika wa saizi atumiwe saizi mbili, bodaboda asubiri dakika kumi, mteja ajaribu, alipie moja, na nyingine irudi palepale. Patana na bodaboda mapema kuhusu malipo ya kusubiri, na umweleze mteja gharama hiyo kabla. Kwa viatu utaratibu huu umewafaa wauzaji wengi, na mimi naupendekeza kuliko masharti yoyote yaliyoandikwa vizuri.

Kwa mikoani, mteja asiachwe atafute njia mwenyewe. Mtajie basi na ofisi ya kupelekea mzigo, na umwombe mambo matatu baada ya kuukabidhi: picha ya risiti ya mzigo, namba ya usajili wa basi, na muda wa kuondoka. Juu ya kifurushi pawe na jina lako, namba yako ya simu na namba ya oda, kwa maandishi makubwa, kwani kifurushi kisicho na namba kinaweza kukaa wiki nzima kwenye rafu za ofisi ya basi Mbezi Luis bila mtu wa kukiulizia. Mzigo wa thamani kubwa ni afadhali upite Shirika la Posta kwa huduma ya EMS, ambayo hutoa namba ya kufuatilia. Ikiwa nauli ni deni lako, itume kabla mteja hajakwenda kwenye ofisi ya basi. Mteja aliyetendewa kosa hapaswi kukukopesha nauli.

Hatua ya saba: kagua mchana, na ukague mbele ya kamera

Mzigo ukifika usiufungue usiku chini ya taa hafifu. Ufungue mchana, ukiwa unarekodi video kuanzia kifurushi kikiwa bado kimefungwa. Linganisha bidhaa na picha ulizopiga kabla ya kuituma, tazama lebo, tafuta alama yako ya wino. Kwa nguo, angalia kola kama ina poda au rangi ya midomo, kwapani kama kuna alama nyeupe za dawa ya kuzuia jasho, na pindo kama lina vumbi. Nusa pia: harufu ya udi, manukato au jasho haifichiki, na nguo iliyokwenda harusini huitoa harufu hiyo hata ikipigwa pasi. Kwa viatu, geuza soli. Kiatu kilichojaribiwa juu ya zulia hakina mikwaruzo, kilichotembea barabarani kinayo.

Ukigundua kwamba bidhaa imetumika, usimwite mteja tapeli. Mtumie picha na maelezo mafupi, umkumbushe sharti alilolisoma kabla ya kulipa, na umpe njia mbili: kurudishiwa nguo yake kwa nauli yake, au kupunguziwa kiasi kinacholingana na hali ya nguo. Mazungumzo hayo yabaki kati yenu. Kubandika jina, namba au picha za mteja mtandaoni ili kumwaibisha kunaweza kukuingiza katika kosa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria ni jambo linalowatisha wateja wako wema.

Hatua ya nane: rudisha fedha haraka na kwa njia ileile

Rudisha kwenye namba ileile iliyolipa, na uhakiki jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha. Mteja akitaka fedha ziende namba nyingine, mwombe atume ombi hilo kwa maandishi kutoka kwenye namba iliyolipa, maana walaghai huvizia hapo. Vilevile usitegemee picha ya ujumbe wa malipo kama ushahidi kwamba mteja alilipa. Angalia salio na taarifa ya akaunti yako mwenyewe. Kosa likiwa lako, gharama ya kutuma fedha ni yako, na mteja apate kiasi chote hadi shilingi ya mwisho, pamoja na nauli ya mwanzo.

Tenga fedha za kazi hii. Muuzaji anayetumia kila shilingi ya mauzo kununulia mzigo mpya hujikuta anamwambia mteja "nivumilie mpaka Ijumaa", na kauli hiyo huharibu kila kilichotangulia. Fungua akiba ndogo pembeni na uache humo sehemu ya kila mauzo mpaka muda wa kurudisha bidhaa utakapopita. Kama ulitoa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, pokea risiti hiyo pamoja na bidhaa, iambatishe na kumbukumbu za urejeshaji, na umkabidhi mhasibu wako ili mauzo hayo yasibaki kwenye hesabu za kodi kana kwamba fedha bado unazo. Kwa wafanyabiashara wa Kenya, marekebisho hayo hufanywa kwa krediti noti, yaani hati ya kufuta au kupunguza ankara, ndani ya mfumo wa ankara za kodi wa eTIMS, ikitaja ankara ya awali.

Hatua ya tisa: amua bidhaa iende wapi siku hiyohiyo

Bidhaa iliyorudi isilale kwenye kona ya stoo. Iliyo safi na kamili ipigwe pasi ya mvuke, iwekwe lebo mpya na irudi kwenye orodha ya mauzo. Yenye dosari ndogo iuzwe kwa bei iliyopunguzwa, dosari ikionyeshwa kwenye picha na kutajwa kwa maandishi. Wapo wateja wanaoitafuta bei hiyo na hawatalalamika kwa jambo walilolijua. Yenye kasoro ya kiwandani itengwe kwa ajili ya kumdai aliyekuuzia kwa jumla, ukiwa na picha na idadi ya malalamiko. Viatu vya ngozi visifungiwe ndani ya nailoni wakati wa masika, kwa kuwa joto na unyevu wa pwani huvitia ukungu ndani ya siku chache. Vipe hewa, na uweke pakiti za kunyonya unyevu ndani ya boksi.

Hatua ya kumi: andika kila kilichorudi

Daftari la kawaida linatosha, au jedwali kwenye simu. Safu zake ziwe: tarehe, namba ya oda, bidhaa, saizi, mji wa mteja, chanzo, nani alilipa nauli, kiasi kilichorudishwa, na bidhaa iliishia wapi. Safu ya chanzo ijazwe kwa maneno ya mteja mwenyewe, kama "mkono unabana" au "rangi imekolea zaidi", usiandike tu "saizi" au "rangi", kwa sababu maneno hayo ndiyo yatakayokuelekeza cha kurekebisha.

Kila mwisho wa mwezi lipitie kwa kutafuta kinachojirudia. Gauni moja likirudi mara tatu kwa sababu ya mkono kubana, rekebisha vipimo kwenye tangazo usiku huohuo, au uache kuliagiza. Malalamiko ya boksi kulowa yakitoka njia moja ya basi, badilisha basi au aina ya mfuko. Mteja mmoja akirudisha kila anachonunua, endelea kumhudumia kwa heshima, lakini mwombe alipie nauli zote mapema. Na ukienda kwa msambazaji wa jumla kujadili bei ya mzigo ujao, lichukue daftari hilo, kwa sababu muuzaji anayeonyesha kwamba zipu za shehena iliyopita zilikatika, na kutaja ni ngapi, ana nguvu ya kudai kubadilishiwa au kupunguziwa.